Usimuulize msomaji kama kitabu ni kizuri

Wanaojua kwamba napenda riwaya huniuliza swali moja: "Kile kitabu vipi, kizuri?" Siku hizi silijibu. Mjomba akikuambia kizuri sana na dada yako akakuambia hakina lolote, utanunua au utaacha? Ukitaka maoni ya mtu yakufae, muulize alikisoma kwa sababu gani, alikuwa na umri gani, na kama alikimaliza.

Hilo la sababu lianze, maana ndilo linalotuharibia maoni mengi. Riwaya nyingi za Kiswahili watu wamezisoma kwa ajili ya mtihani. Mshike aliyepita kidato cha nne Tanzania umuulize habari za riwaya ya Takadini: atakumwagia dhamira, ujumbe, migogoro na msimamo wa mwandishi, kwa mpangilio uleule wa daftari. Sekai, yule mama anayekihama kijiji na kichanga chake chenye ualbino ili kisiuawe, hana habari naye. Kenya nako ukitaja Utengano au Siku Njema, wengi wanakumbuka maswali kabla ya hadithi. Wasikilize kwa adabu, ila usiache kununua kitabu kwa sababu yao. Mtu aliyekariri sifa za wahusika usiku wa kuamkia karatasi ya fasihi hana deni la kukipenda kitabu.

Ninayo nakala ya Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, niliyonunua kwa muuza vitabu vya zamani aliyetandika chini kando ya barabara. Mwenyewe wa kwanza alikuwa mwanafunzi, kalamu nyekundu mkononi. Pembeni kumejaa "tash." na "methali". Anapoingia Bwana Raza, mume mtu mzima aliyeozwa Yasmin angali binti mdogo, pameandikwa NDOA YA KULAZIMISHWA, kwa herufi kubwa, mistari miwili chini. Ukiendelea, mambo ya Yasmin na mpenzi wake Denge yakishapamba moto, wekundu unakatika. Kurasa nyeupe tupu. Halafu unarudi ghafla na "nafasi ya mwanamke", kama mtu aliyeshtuka mwalimu kaingia. Kwangu zile kurasa safi ndiyo sifa kubwa kuliko yoyote niliyowahi kusikia juu ya riwaya hiyo.

Kingine ni mazoea ya msomaji. Mtu aliyelelewa na Willy Gamba, yule mpelelezi wa Elvis Musiba, ukimpa Mzimu wa Watu wa Kale atakurudishia siku ya pili akilalamika kwamba Bwana Msa hapigi mtu, kazi yake kuvuta kiko na kuuliza maswali. Anasema kweli. Kitabu hicho cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960, raha yake iko katika mazungumzo na kufikiri, na Kiswahili chake cha Unguja kinataka msomaji asiye na haraka. Kwa hiyo kabla ya kuyapokea maoni, uliza: "Na kingine ulichokipenda ni kipi?" Jibu hilo litakupa mizani.

Umri nao una mambo yake. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka 1971, na kuna wakati ilipigwa marufuku shuleni Tanzania. Waliokuwa vijana enzi hizo bado wanaitaja kwa sauti ya chini, kana kwamba mama mkwe yuko chumba cha pili. Mpe binti wa leo aisome. Yale ya kitandani hatayashangaa. Atakayemkasirisha ni Zakaria, baba mlevi anayemchunga binti yake Rosa kwa vipigo halafu anashangaa alivyoharibika. Hapo sioni wa kumsahihisha mwenziwe. Nikitaka kujua kitabu kimezeeka vipi, nawauliza wote wawili, tena ikiwezekana wakiwa wamekaa pamoja.

Usiwadharau walioacha njiani. Nagona, ya Kezilahabi huyohuyo, ni kijitabu chembamba ambacho wengi wamekishinda kwa kukiweka rafuni. Aliyeniambia "niliacha kwa sababu sikujua msimulizi yuko wapi wala anazungumza na nani" alinisaidia kuliko waliomaliza wakasema tu ni fasihi nzito. Nilijua mapema nisitafute kisa kilichonyooka, nikakisoma polepole, sura moja kwa kikao.

Halafu kuna maoni ya sherehe. Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobel ya fasihi mwaka 2021, kila mtu alikuwa na neno, hata ambao hawajawahi kumfungua. Hapo uliza kitabu gani, na kwa lugha gani. Paradise ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994, na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, ikaja 2022. Waliosoma ya Kiingereza hunieleza zaidi habari za ukoloni na misafara ya bara. Waliosoma Peponi huanza na Yusuf mwenyewe, mtoto anayechukuliwa na "ami" Aziz kwa sababu ya deni la babake, na namna watu wanavyoongea humo. Mimi nawaamini zaidi hawa wa pili, na najua kuna watakaonibishia.

Na zamu yako ya kuulizwa ikifika, taja mahali pamoja. Sema ulipocheka, au ulipofunga kitabu ukaenda kupika. Mwenzako atajua la kufanya.