Saa saba au saa 15? Tiketi ya Mama ya New York

SWALI: Ami, shikamoo. Mama anakwenda New Jersey mwezi wa Januari kumtembelea kaka yangu, na hajawahi kupanda ndege. Tiketi inasema ataondoka Nairobi 23:25 na kufika New York 06:25 kesho yake. Hizo si saa saba? Kurudi, anaondoka 12:25 na kufika 10:25 siku ya pili, yaani saa 22! Tena ana dawa ya presha, asubuhi na jioni. Tumhesabie vipi? – Msomaji, Kisauni, Mombasa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipokuwa nakata tiketi, swali hili lililetwa dirishani na maprofesa, kwa hiyo usione haya. Kila saa iliyoandikwa pale ni ya mji wake. Mama akitua New York saa kumi na mbili na dakika 25 alfajiri, giza bado, wewe Kisauni utakuwa umeshakula cha mchana: ni saa nane na dakika 25. Januari wao wako nyuma yetu kwa saa nane (kuanzia Machi hadi Novemba huwa saba, maana saa zao husogezwa mbele). Basi atakaa kitini saa 15. Kurudi ni saa 14.

Hiyo saa moja ya tofauti inaliwa na upepo. Kilomita kumi hivi juu, huko kaskazini, kuna upepo uvumao kutoka magharibi kwenda mashariki, na mara nyingine hupita kilomita 200 kwa saa. Kwenda unampiga Mama usoni, kurudi unamsukuma. Mtu wa pwani hafundishwi hili. Jahazi za Oman zilingoja kusi, upepo wa kutoka kusini, ndipo zirudi kwao.

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800, moja kwa moja bila kutua. Safari hii ilianza Oktoba 2018; kabla ya hapo ilikuwa lazima ubadilishe ndege njiani. Na asishangae akiona kwenye kioo cha kiti chake ndege inaelekea Sahara badala ya Kongo. Dunia ni mviringo, na njia fupi kutoka Nairobi hupanda kaskazini-magharibi kabla ya kuvuka Atlantiki. Tangu vita vya Sudan vianze Aprili 2023, ndege nyingi huizunguka anga ya nchi hiyo, kwa hiyo mstari hautakuwa umenyooka.

Dawa: saa yake ya mkononi ibaki na majira ya Kenya mpaka atue. Ya jioni ameze kabla hajapanda, ya asubuhi ndani ya ndege wakati wake wa kila siku, hata kama nje ni giza na wenzake wamelala. Jinsi ya kuhamia majira ya kule akishafika, hilo mwulizeni daktari wake kabla ya safari. Na dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku!

Linalonitia wasiwasi mimi ni treni. Ile ya alasiri kutoka Mombasa hufika Syokimau, kituo cha Nairobi, usiku umeshaingia, na uwanjani anatakiwa saa tatu kabla ya ndege kuondoka, yaani saa mbili na dakika 25 usiku. Ukaguzi wa ndege za Marekani ni mrefu, na yeye ni mgeni wa mambo hayo. Apande ya asubuhi.