Kabla hujanunua hiyo darubini

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima redio. Unauliza: mtu anayetaka kuanza kujua mambo ya nyota na sayari, anunue ile darubini uliyoiona dukani hapo Jeddah au aiache, maana bei yake inakaribia tiketi ya kuja nyumbani Krismasi. Kuhusu tiketi unajua nitasema nini. Kuhusu darubini, ngoja kwanza. Jumatatu tarehe 2 Agosti 2027, saa saba na ushee mchana, mwezi utapita mbele ya jua na kulifunika lote, na kivuli chake kitapita juu ya Jeddah. Giza litakaa karibu dakika sita. Sisi huku Voi tutaonjeshwa kipande tu. Kuna watu watakaovuka bahari na mizigo yao kwenda Luxor, Misri, kulitafuta jambo hilo la kupatwa kwa jua, na wewe litakukuta juu ya paa la nyumba uliyopanga.

Nasema kwa ukali kwa sababu mimi langu lilinipita juu ya kichwa nikiwa nimefungiwa ndani.

Ile shule unaijua. Tukipita pale na matatu huwa nageuza uso upande wa pili na baba yako anacheka. Tarehe 16 Februari 1980 ilikuwa Jumamosi, na kivuli cha mwezi kilipita juu ya Taita kabla ya saa sita mchana. Wataalamu walikuja na mitambo yao kutoka nje. Sisi, baada ya chai ya saa nne, matroni alituingiza bwenini akafunga, na madirisha yakazibwa kwa blanketi zetu wenyewe, zile za kijivu zinazowasha. Akasema atakayechungulia atakuwa kipofu kabla ya chakula cha mchana. Tukajilaza sakafuni kwa ajili ya ubaridi wa saruji.

Lile bweni lilikuwa na mabati yaliyochoka. Kila penye msumari uliong'oka palikuwa na tundu, na kila tundu lilidondosha doa la mwanga sakafuni. Madoa hayo tuliyazoea, yalikuwa ya mviringo siku zote. Siku hiyo mmoja wetu akasema, "Angalieni, yanaliwa." Tukaangalia. Kila doa lilikuwa limemegwa upande mmoja, yote upande uleule, na kadiri tulivyoendelea kutazama ndivyo yalivyozidi kukonda, mpaka yakabaki kama kucha zilizokatwa, zimetawanyika sakafu nzima na kwenye magoti yetu. Mimi nilikuwa na moja kwenye kiganja. Likakonda, likakonda, likazimika.

Nje kuku walinyamaza. Watu wa kijijini wakapiga kelele, na mpishi wa shule, ambaye hakuna aliyemfungia, akaita Mungu kwa Kitaita. Dakika tatu na zaidi, mwanangu, mimi nikiwa uvunguni mwa kitanda cha ghorofa! Kisha madoa yakarudi, membamba, sasa yamegeukia upande wa pili.

Ndiyo maana wanafunzi wangu wote, hata wale waliokuwa hawataki, niliwaambia: tazama kwanza, nunua baadaye. Matundu yale yalikuwa yamechanika ovyo, mengine ya pembe tatu, lakini doa chini lilikuwa la mviringo. Jambo hilo lilinisumbua kwa muda mrefu. Mwanga husafiri kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo unaotoka juu ya jua hupita kwenye tundu ukaangukia chini, na unaotoka chini ukaangukia juu. Doa lile si umbo la tundu, ni picha ya jua lenyewe, imepinduliwa. Na unaweza kulipima jua nayo. Tundu likiwa mita 3 juu ya sakafu, picha inakuwa na upana wa kama milimita 28, karibu sarafu ya shilingi ishirini. Gawanya 28 kwa 3,000, zidisha kwa kilomita milioni 150 ambazo ni umbali wetu na jua, unapata kipenyo cha jua: kilomita milioni 1.4. Kwa rula ya shule! Nililifanya darasani mwaka baada ya mwaka na bado lilinifurahisha kuliko wao.

Ajabu nyingine ni kwamba jua ni pana kama mara 400 kuliko mwezi, na pia liko mbali kama mara 400, ndiyo maana vinafunikana sawasawa. Haitakuwa hivyo daima, kwa sababu mwezi unatuacha kwa sentimita 3.8 kila mwaka.

Sasa, matroni. Alikosea? Najibishana naye mpaka leo na yeye ni marehemu. Kuhusu macho alisema kweli: retina, ule utando wa ndani ya jicho unaopokea mwanga, haina maumivu, jua linaiunguza na wewe husikii kitu, unagundua baadaye. Alikuwa na wasichana bweni zima na hakuwa na miwani hata moja. Ningekuwa mimi? Lakini jua likishafunikwa lote, zile dakika chache, jicho tupu halidhuriki. Kinachobaki ni ile korona, gesi inayolizunguka jua, taji jeupe linalong'aa karibu na kiasi cha mwezi mpevu. Angetufungulia kwa hizo dakika tu. Haya, na nani angemwambia wakati wa kuturudisha ndani? Baba yako husema bila ule mlango kufungwa nisingefundisha fizikia. Hayo ni maneno ya mtu aliyekuwa nje siku ile. Basi, simhukumu. Ingawa bweni lilikuwa na milango miwili na angeweza kusimama kwenye mmoja.

Nilichokikosa ni hiyo korona. Uso wa jua una nyuzijoto kama 5,500 za Selsiasi, na korona, iliyo nje zaidi, inapita milioni moja. Wataalamu bado wanabishana kuhusu kinachoipasha joto hivyo. Mwaka 1919 Arthur Eddington, mtaalamu wa nyota kutoka Uingereza, alikwenda kisiwani Principe, magharibi mwa Afrika, mawingu yakamtesa karibu mpaka mwisho, lakini akapata picha chache za nyota kando ya jua lililofunikwa. Zilionekana zimesogea kidogo, kwa sababu uzito wa jua ulikuwa umepinda mwanga wao, kama Einstein alivyotabiri. Alikuwa na darubini, sikatai. Lakini kwanza alikuwa nje.

Kwa hiyo omba ruhusa kazini mapema. Tafuta miwani ya kutazamia kupatwa kwa jua yenye namba ISO 12312-2, ambayo ni alama ya kiwango cha kimataifa, si ya jua ya kawaida hata iwe nyeusi namna gani. Ivae mpaka chembe ya mwisho ya mwanga ipotee, ndipo uivue, na chembe ikitokea upande wa pili uivae tena mara moja. Wenzako unaokaa nao watobolee katoni wauone mwezi ukilimega jua. Simu iache mfukoni. Darubini sijasema usinunue, nasema tazama kwanza. Ukiinunua, usiielekeze juani kamwe bila kichujio cha jua mbele ya lenzi.

Na usiniandikie, nipigie. Mpishi yule alitusimulia muhula mzima, na kila aliporudia aliongeza nyota. Kwanza nitakuuliza upeo wa macho ulikuwa na rangi gani pande zote, maana yeye mara alisema nyekundu, mara samawati, na alipobanwa akasema hakuangalia.

Mama yako