Kikao kimefungwa au kimeahirishwa?

SWALI: Mimi ni katibu wa chama cha msingi cha ushirika hapa Nachingwea. Kwenye muhtasari wa kikao cha mgao wa salfa, dawa ya mikorosho, niliandika: "Mwenyekiti aliahirisha kikao saa 9:40 alasiri." Mzee mmoja wa bodi akagoma kusaini. Anasema, "Ajenda tumezimaliza zote, tunaahirisha nini tena?" Nani yuko sahihi?

JIBU: Mzee, bila shaka. Kuahirisha ni kusogeza mbele jambo ambalo bado lipo. Wakulima wakiikataa bei mnadani na korosho zikabaki ghalani, mauzo yameahirishwa. Kikao chenu kilikwisha, watu wakashika njia. Hicho kimefungwa.

Mazoea haya ya makatibu naona yametoka kwenye Kiingereza cha ofisini, katika kitenzi adjourn. Waingereza nao walikitoa Kifaransa cha kale, ambako maana yake ilikuwa kumpangia mtu siku ya kufika. Ndani yake mna jour, siku, ileile iliyomo kwenye bonjour. Hata huko, basi, asili yake ni kutaja siku. Baadaye wakaanza kukitumia hata kwa kikao kilichokwisha moja kwa moja, nasi tukafuata.

Kitenzi chetu, kuahirisha, ni cha Kiarabu, kutoka shina lililotupa pia akhera. Kuahiri ni kuchelewa. Ukiongeza -isha unapata kuahirisha, yaani kuchelewesha. Kwa hiyo "kuhairisha", ambayo imejaa kwenye matangazo ya mbao za vijiji, haina mzizi wowote. (Hilo, katibu, umelikwepa. Hongera.)

Bungeni hukitumia vizuri. Mkutano unapofika mwisho Waziri Mkuu hutoa hoja ya kuahirisha Bunge, na siku ya kurudi hutajwa. Uhai wa Bunge ukimalizika, Rais haliahirishi, hulivunja.

Upungufu wa kitenzi chetu ni kwamba hakisemi kama kikao kilikuwa kimeshaanza. Waingereza wana vitenzi viwili hapo, postpone kwa ambacho hakijaanza na adjourn kwa kilichoanza, sisi tuna kimoja, hivyo maneno ya pembeni ndiyo yafanye kazi: "Kikao kiliahirishwa kabla ya kuanza kwa kukosa akidi, hadi Jumamosi," au "Kikao kiliahirishwa baada ya ajenda ya tatu, hadi kesho saa 4 asubuhi." Usipotaja siku, mwanachama wa kitongoji cha mbali atajuaje aje lini?

Kwa muhtasari wako, kata mstari mmoja juu ya "aliahirisha", andika "alifunga", wewe na mwenyekiti mtie saini pembeni, kisha mpelekee mzee.