Koja la asumini kwa ajili ya puja: kufunga, kunusa na mkadi

SWALI: Namaste Panditji. Nimezaliwa Mombasa, na tangu utotoni nimezoea kutunga vikuba vya asumini na mkadi. Sasa nataka kumtungia Bwana Shiva koja la puja, yaani ibada, ya nyumbani, kwa mtindo wa kufunga bila sindano. Kila nikijaribu, koja linalegea na matumba yanachomoka. Tena juzi nilinusa maua huku nikilitunga koja. Je, koja lile lilifaa kutolewa? Na mkadi naruhusiwa kuutia?

JIBU: Namaste dada. Nianze na mkadi, maana jibu lake ni fupi: kwa Shiva, usiutie. Mkadi ni wa jamii ya ua liitwalo ketaki. Katika Purana, vitabu vya kale vya Kihindu, mungu Brahma alidai amekifikia kilele cha nguzo ya moto ya Shiva, akalileta ua la ketaki limshuhudie uongo huo. Tangu hapo Shiva hapokei ua hilo. Kwa Devi, mungu wa kike, halina katazo hilo. Shiva mtilie majani ya mti wa bilva, yale ya vidole vitatu.

Ama kunusa, ua lililopelekwa puani makusudi ni kama chakula kilichokwisha kuonjwa; halitolewi. Harufu ikikujia yenyewe huku mikono inafanya kazi, hapo huna kosa, kwani asumini haina kifuniko. Wengi watakutajia Andal, mshairi mtakatifu wa Srivilliputhur, kule Tamil Nadu, India, aliyekuwa akilivaa koja la mungu Vishnu kabla halijapelekwa hekaluni, na Bwana akalitaka hilo hilo alilolivaa. Ni kweli, na hadi leo koja lililovishwa sanamu ya Andal hupelekwa hekalu la Tirupati wakati wa sikukuu ya Brahmotsavam. Lakini hiyo ni daraja ya Andal. Sisi tushike kanuni.

Sasa kufunga. Sindano si haramu. Wagujarati wengi huitumia, na kwa maua manene haina neno. Asumini ndiyo haivumilii, kwani tumba likitobolewa hugeuka kahawia pale penye tundu. Watamil hutumia uzi wa mgomba: chana nyuzi nyembamba kutoka magome makavu ya shina, uziloweke kama robo saa. Ukiwa mkavu hukatika, na ukitumia uzi wa pamba kwa kuvuta sana, hukata vikonyo. Nadhani hapo ndipo matumba yako yanapochomokea, kama si kwenye kitanzi.

Acha mkia wa shibiri moja. Kati ya kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kushoto, laza matumba mawili, vichwa kushoto. Juu yake laza mawili mengine, vichwa kulia, ili vikonyo vinne vipandane katikati. Zungusha uzi mara moja kwenye vikonyo, ukaze. Kisha ushike uzi kwa vidole viwili vya kulia, uupinde mpaka upite juu yake wenyewe na kufanya kitanzi, ukivishe juu ya vikonyo, uvute chini taratibu. Kitanzi ambacho uzi wake haukupita juu yake wenyewe hakibani; kinakaa vizuri mpaka unyanyue koja, kisha vyote vinateleza. Fungu linalofuata liguse la kwanza, uzi usionekane.

Watamil hupima kwa mulam, ambayo ndiyo dhiraa yetu, kiwiko hadi ncha ya kidole. Ukifunga fungu moja kila sentimita, dhiraa moja itakula matumba kama 180. Chuma 200, kwani mengine yatakuwa na vikonyo vifupi yasishikike.

Chuma ukiwa umekwisha kuoga, jioni kabla hayajafunguka, tumba likiwa jeupe na gumu. Lililoanguka chini liache. Usiyamwagie maji, yafunge kwa jani la mgomba au kitambaa kibichi, la sivyo yatakuwa na madoa kabla ya aarti, ile ibada ya kuzungusha taa.

Siku ukimtungia Vishnu, ongeza tulasi, mmea wa jamii ya mrehani, vikonyo vyenye majani manne au sita. Haichumwi usiku wala siku ya Dwadashi, yaani ya kumi na mbili ya kila nusu ya mwezi, na usikate kwa kucha. Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo, hapewi tulasi; yeye mpe nyasi za durva.

Kesho yake asubuhi livue koja kabla ya puja mpya. Kata uzi, maua yafukie shinani mwa mti bustanini, si kwenye pipa la taka.