Chembe za dhahabu za kuchoma saratani ya ini, mjomba azingoje?

Swali: Dokta, mjomba wangu hapa Bondo amepatikana na saratani ya ini, uvimbe mmoja wa sentimita 2.5. Nimesoma kuna chembe za dhahabu unadungwa kwa damu, zinaonekana kwa skani, halafu zinapigwa leza zinachoma uvimbe peke yake. Tuzingoje?

Jibu: Pole sana ndugu yangu, na hapana, msingoje. Si ati ni uongo. Chembe za nanomita 50 hivi, unywele mmoja kwa upana unapanga zaidi ya elfu moja, zikipigwa na leza ya infraredi, mwangaza usioonekana kwa macho, zinapata moto na seli zilizo karibu zinaiva. Na dhahabu inaonekana vizuri kwa skani ya CT.

Shida ni ini lenyewe. Liko na seli zinaitwa Kupffer, kazi yao ni kumeza takataka yoyote inayopita kwa damu, so ukidunga chembe kwa mshipa nyingi zinaishia kwa ini zima na uvimbe unapata makombo tu. Kwa upande wa picha, hiyo tabia ilisaidia, manake miaka ya 1990 kulikuwa na dawa ya chembe za chuma ya kudungwa kabla ya skani ya MRI, ini zima linageuka jeusi, uvimbe usio na hizo seli unabaki mweupe. Lakini kwa kuchoma sasa, si utachoma ini zima uache uvimbe?

Halafu mwangaza. Leo usiku bonyeza kidole kwa tochi ya simu, kinawaka chekundu. Weka kiganja, unaona hafifu. Weka kwa mbavu, hakuna kitu. Infraredi inaenda mbele kidogo lakini ni sentimita chache tu. Hata Marekani walipojaribu chembe za dhahabu kwa saratani ya prosteti (tezi dume), wanaume 16, matokeo yakatoka 2019, ilibidi waya wa leza uingizwe ndani na sindano.

Sasa kama sindano lazima iingie, kuna ya maikrowevu ambayo inatumika tayari. Dokta anaifuata kwa ultrasaundi mpaka katikati ya uvimbe, joto linapita digrii 60, na kwa skrini unaona wingu jeupe la mapovu likifunika mahali panapoiva. Uvimbe wa chini ya sentimita 3 ndio unafaa zaidi, ila usiwe umeshikana na mshipa mkubwa, damu inapooza joto, na ini lililobaki liwe bado lina nguvu.

Anzieni hospitali ya rufaa ya Jaramogi hapo Kisumu muulize rufaa ya hiyo sindano. Na mbebe CD ya skani, si ripoti peke yake, manake sisi tunataka kuona njia ya sindano itapita wapi.