Jibu: Chatu amegoma kula tangu tuhame

Habari za leo, ndugu. Umeeleza kwamba chatu wako, wa aina ile ndogo ya Afrika Magharibi ambayo ikiogopa hujiviringa kama mpira, hajala kwa wiki 5 tangu mhamie nyumba mpya, na kwamba usiku kucha anasukuma kioo kwa pua.

Kabla ya kufikiria ugonjwa, pima joto la sakafu ya tangi lake, si la hewa ya chumba. Upande wa moto uwe kati ya nyuzi 31 na 33 za Selsiasi, upande wa baridi nyuzi 25 hivi, na unyevu usishuke chini ya asilimia 50. Wangu naye aligoma baada ya kuhama, na nilipochunguza niliona kwamba pango lake lilikuwa pana mno: alijikunja katikati bila ubavu kugusa ukuta wowote, kichwa amekificha chini ya mikunjo. Nilimwekea mapango mawili ya kumbana, moja kila upande, nikafunika kioo pande tatu kwa kitambaa cheusi, nikaacha kabisa kumshika; usiku wa 11 akapokea panya niliyempasha moto.

Mpime uzito kila wiki. Chatu mzima mwenye afya huweza kukaa miezi kadhaa bila kula, lakini akikonda hadi uti wa mgongo ukachomoza, akitoa mapovu mdomoni au akipumua kwa mluzi, mpeleke haraka kwa daktari wa wanyama aliyezoea kutibu nyoka. Tafadhali usimlishe kwa nguvu. Hofu hiyo itamzidishia mgomo.