Mtoto Anapofungwa 6–0, 6–0

Binti niliyekuwa nikimfundisha tenisi alikuwa na umri wa miaka 12 alipofungwa 6–0, 6–0, yaani seti mbili bila kushinda hata gemu moja, katika mashindano ya watoto jijini Dar es Salaam, na tangu tulipopanda basi hadi tulipofika Segera hakusema neno. Mimi ndiye niliyesema, nami nilisema vibaya. Nilimwambia kwamba hakujituma, kwamba alikuwa ameshakata tamaa kabla seti ya kwanza haijaisha, na niliyasema hayo wenzake wakisikia. Hakuja mazoezini wiki ile, wala wiki iliyofuata, na nilipompigia simu mama yake alinijibu kwa upole: “Mwalimu, amesema raketi apewe mdogo wake.”

Ninaendelea kufundisha watoto hapa Tanga, katika kiwanja cha saruji upande wa Raskazone, na ninawaandikia walimu wenzangu na wazazi kwa sababu kosa lile linaweza kuepukika.

Kwanza, chunguza mipira kabla ya kuchunguza moyo wa mtoto. Kwa mujibu wa kanuni za tenisi, mpira wa kawaida wa mashindano ukidondoshwa kutoka urefu wa sentimita 254 kwenye sakafu ngumu unatakiwa kudunda hadi kati ya sentimita 135 na 147. Siku moja nilichora alama hizo ukutani kwa futi kamba, nikaidondosha mipira yetu mmoja baada ya mwingine, na mingi haikuifikia alama ya chini kwa sababu tulikuwa tumeitumia kwa miezi mingi na presha yake ilikuwa imekwisha. Mtoto aliyezoea mpira unaomjia polepole na kudunda kufikia kiunoni, akikutana ghafla na mpira mpya unaopanda hadi begani, atachelewa kuupiga kila mara, na anayemtazama kutoka pembeni atadhani ni woga. Binti yule alikuwa anachelewa, haogopi, nami sikuliona hilo. Siku hizi, hata hela ikiwa ndogo namna gani, ninaweka akiba kopo moja la mipira mitatu mipya, na tunalifungua wiki ya mwisho kabla ya safari.

Pili, hesabu pointi, kwa kuwa matokeo yanayoandikwa ubaoni huficha mengi. Mtoto akipoteza gemu 12 bila kupata hata pointi moja, mechi nzima itakuwa na pointi 48, nne kwa kila gemu. Lakini akifika 30, yaani akishinda pointi mbili, katika kila gemu kabla ya kuipoteza, atakuwa ameshinda pointi 24 kati ya 72, yaani thuluthi moja ya pointi zote zilizochezwa, na ubao bado utaonyesha 6–0, 6–0. Watoto hawa wawili hawahitaji mazoezi ya aina moja wala maneno ya aina moja. Kwa hiyo sasa ninakaa pembeni na daftari, ninaandika pointi alizoshinda na namna alivyozishinda, gemu zilizofika 40–40, yaani pointi tatu kwa tatu, na pointi alizopoteza kwa kukosa nafasi zote mbili za kuanzisha mpira. Hesabu ikiwa ndogo ninamwambia kuwa ni ndogo. Mtoto anajua alivyocheza, na ukimpamba kwa sifa za uongo leo hatakuamini siku utakapomsifu kwa haki.

Hata hivyo, daftari halifunguliwi siku ileile. Jioni ya mechi ni ya maji, chakula na kimya, na ikiwa mtoto anataka kulia, alie bila kuulizwa sababu. Swali bora nililowahi kulisikia baada ya kipigo cha namna hiyo aliliuliza bibi mmoja aliyekuja kumpokea mjukuu wake stendi ya Kange: “Umekula, mjukuu wangu?” Hakuuliza matokeo mpaka mtoto mwenyewe alipoyataja. Ninawaomba wazazi wamfuate bibi huyo.

Jambo jingine ni muda. Mtoto anayefungwa vibaya hucheza haraka kwa kuwa anataka aibu iishe. Huokota mpira na kuuanzisha kabla hajapumua. Kanuni zinampa hadi sekunde 25 kati ya pointi na pointi, na sekunde 90 wanapobadilishana upande, isipokuwa baada ya gemu ya kwanza ya kila seti, lakini haki hiyo haitamfaa asipoizoea. Ndiyo maana mazoezini tunaanza seti mtoto akiwa nyuma 0–5, hasa wakati wa kusi upepo unapovuma kwa nguvu, na aliye nyuma analazimika kutembea hadi mwisho wa kiwanja, kunyoosha nyuzi za raketi na kuamua jambo moja tu atakalolifanya katika pointi inayofuata.

Siku mbili tatu zikipita, huwasimulia habari za Amanda Anisimova wa Marekani, aliyefungwa 6–0, 6–0 na Iga Świątek wa Poland katika fainali ya Wimbledon ya Julai 2025, mechi iliyochukua dakika 57 mbele ya macho ya dunia nzima. Kabla ya miezi miwili kutimia alikutana na Świątek yuleyule katika robo fainali ya mashindano ya wazi ya Marekani, akamshinda 6–4, 6–3. Usiisimulie habari hii ndani ya basi, kwa maana mtoto mwenye uchungu mbichi ataisikia kama amri ya kuacha kusikitika.

Nilikwenda Chumbageni nyumbani kwa binti yule, nikamwomba radhi mbele ya mama yake. Alinipokea kwa heshima, lakini hakurudi kucheza. Mdogo wake ndiye anayecheza sasa, kwa raketi ileile. Mwezi uliopita mdogo huyo alifungwa 6–0, 6–1, na dada yake, aliyekuja kutazama, aliniomba daftari tangu gemu ya kwanza. Aliandika pointi 21, na pembeni ya kila moja akaeleza ilivyopatikana.